Moshi wa Bluu Unatoka Wapi?

Sehemu ya Tisa

Ufunguo ulikuwa mkononi mwa Armand, na injini ilikuwa bado inanguruma.

Hapo ndipo nilipokatia wiki iliyopita, msomaji wangu, na wengine mmenilaumu kwa hilo. Kwa aliyeikosa sehemu ile, mambo yako hivi. Moto wa msitu umekizunguka kijiji chetu cha Lac-Castor, kaskazini mwa Saskatchewan. Watu wote wameondolewa kwa mabasi tangu asubuhi. Wamebaki watatu tu, mbele ya gereji ya Bernadine Desjarlais.

Wa kwanza ni Bernadine mwenyewe, fundi wa magari, aliyewapa majirani wenye watoto gari lake akabaki kutengeneza pampu ya zimamoto. Wa pili ni Armand, mtalaka wake, dereva wa malori ya magogo. Wa tatu ni Bi Philomène, mama yake Armand, miaka sabini na tisa, ambaye mapafu yake hayafanyi kazi bila mtungi wa oksijeni. Bibi huyo alikataa kupanda basi. Armand akarudi kumchukua kwa gari la bibi mwenyewe, gari dogo la dizeli. Lilipofika mbele ya gereji, likagoma kuzimika.

"Nimelizima," Armand alisema, akimwonyesha Bernadine ufunguo. "Huu hapa. Nimelizima."

"Naona."

"Mbona linazidi?"

Lilikuwa linazidi kweli. Mlio ulipanda mpaka ukawa kilio. Moshi wa bluu ulitoka nyuma kwa wingi, ukaufunika hata moshi wa msitu. Gari zima lilitetemeka, na Bi Philomène alikuwa bado amekaa kiti cha nyuma na mtungi wake mapajani.

"Mtoe mama yako."

Armand alimbeba mama yake kama mtoto, akamkalisha ndani ya gereji juu ya tairi kuukuu. Aliporudi alikuwa anakimbia.

"Tia gia kubwa, tulikabe na breki. Ndivyo tunavyofanya kwenye malori."

"Hili ni otomatiki, Armand. Si lori lako."

Bernadine alijua kinachotokea. Injini ile ilikuwa imeacha kula dizeli. Ilikuwa inakula oili yake yenyewe. Kadiri ilivyokula ndivyo ilivyozunguka, na kadiri ilivyozunguka ndivyo ilivyozidi kuivuta oili. Hapo ufunguo hauna kazi. Ikiachwa dakika mbili tatu itapasuka, na vipande vyake havichagui pa kuangukia.

Alifungua boneti. Joto lilimpiga usoni. Aliliona bomba nene la mpira linalopeleka hewa kwenye injini, akaing'oa klipu yake kwa bisibisi na kulivuta kwa mikono miwili. Oili ya moto ikammwagikia mpaka viwikoni.

Sasa mdomo wa injini ulikuwa wazi, unavuta hewa kwa sauti ya kutisha. Uzibwe na nini? Kitambaa kingemezwa. Mkono hapana. Alimjua fundi mmoja wa mji wa Prince Albert anayesalimia watu kwa mkono wa kushoto tangu siku aliyojaribu.

Kwenye kiti cha mbele palikuwa na mfuko wa Bi Philomène. Bibi aliambiwa achukue vitu vya lazima tu. Alichukua rozari, picha ya marehemu mumewe, na kikaango cha chuma kizito alichokaangia mkate kwa miaka hamsini.

Bernadine alikichomoa kikaango, akakigandamiza kitako chake kwenye mdomo wa injini kwa uzito wake wote.

Injini ilikivuta kikaango kama inayotaka kukinyang'anya. Ikakohoa. Ikatikisika mara tatu. Ikafa.

Ndipo waliposikia mlio mwingine uliokuwa umefunikwa. Ulitoka ng'ambo ya ghuba ya ziwa, mlio mzito usiokatika. Ulikuwa ni moto wenyewe.

"Kikaango changu kimepata nini?" Bi Philomène aliuliza kutoka ndani.

"Oili, Mama."

"Kitaoshwa."

Ilikuwa saa nane mchana, na hungeweza kuona ng'ambo ya barabara bila taa. Redio ya upepo iliyokuwa mezani ilikwaruza, ikaja sauti ya kituo cha zimamoto.

"Lac-Castor, mpo?"

"Tupo watatu," Bernadine alijibu. "Mmoja ni mgonjwa wa mapafu. Leteni ndege."

"Hakuna ndege itakayotua kwenye moshi huu. Gari la wagonjwa linasubiri njia panda, kilomita sabini kutoka hapo. Barabara bado iko wazi, lakini upepo unageuka. Siwahakikishii zaidi ya saa moja."

"Gari letu ni bovu."

Redio ilikwaruza tena.

"Basi litengenezeni," ile sauti ikasema.

Armand alivua kofia akajifuta jasho. "Twende ziwani. Tujitose mpaka shingoni, blanketi mbichi kichwani. Baba aliwahi kupona hivyo."

"Wewe utapona. Na mimi pia. Yeye akivuta moshi huu dakika kumi, umemzika."

"Kwa hiyo tufanye nini? Turbo imekufa, Bernadine. Sili zimekwisha. Nimeendesha malori miaka thelathini, moshi wa bluu naujua."

"Unajua kuuona. Hujui unatoka wapi."

"Unatoka kwenye turbo."

"Turbo ina pande mbili, upande wa hewa na upande wa moto. Shika tochi."

Basi, msomaji, hapo ndipo utakapomjua Bernadine. Mwanamke huyu akiwa na hofu hapigi kelele. Anapunguza sauti, na mikono yake inakwenda polepole zaidi. Armand aliishi naye miaka ishirini na miwili, na alipoisikia ile sauti ya chini, aliishika tochi upesi.

Bernadine alifungua bomba linalotoka kwenye filta kwenda kwenye turbo, ile feni ndogo inayoisukumia injini hewa, akaingiza vidole viwili ndani. Aliishika ncha ya shafti, ule mhimili unaozungusha panga za turbo, akaisukuma kushoto na kulia.

"Inacheza?" Armand aliuliza.

"Kidogo tu, kama inavyotakiwa." Akaivuta mbele, akaisukuma nyuma. "Huku haichezi kabisa. Na panga hazijakwaruza ukuta. Turbo iliyokufa hainyamazi hivi. Shafti ni nzima."

"Na oili yote hii?"

Bernadine alifungua kasha la filta ya hewa. Filta ilikuwa imejaa majivu mpaka haionekani karatasi yake. Aliigonga chini, majivu yakadondoka mabonge mabonge.

"Umepita wapi na gari hili?"

"Barabara ya kambi ya magogo. Ilikuwa inanyesha majivu kama theluji."

"Basi ni hili. Injini inataka hewa, filta imeziba, inavuta kwa nguvu. Ikikosa hewa inavuta oili kupitia kwenye sili, zile pete za kuizuia. Hata sili mpya ingevuja."

Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Armand alitabasamu. "Kwa hiyo ni filta tu?"

"Omba iwe filta tu."

Walifanya kazi haraka. Bernadine alilala chini ya gari, akafungua bomba la chini la kile kipoza hewa kilicho mbele ya rejeta. Oili iliyokuwa imejikusanya humo ikamwagika kwenye ndoo, zaidi ya lita moja. Hiyo ndiyo iliyoifanya injini iwe na wazimu. Akapangusa mabomba, akaweka filta mpya kutoka rafuni, akapima oili kwa kijiti na kuongeza mpaka alama ya juu. Bomba la hewa akalibana kwa klipu moja tu, liwe rahisi kung'olewa.

"Washa. Nikisema zima, zima. Isipozimika, mimi nina kikaango."

Armand aliwasha. Injini ilishika mara moja. Nyuma ulitoka moshi wa bluu, wakaungoja uishe. Ulipungua. Ukawa mwembamba. Armand alianza kucheka peke yake nyuma ya usukani.

Kisha ukarudi.

Ulirudi mzito kuliko wa kwanza.

"Zima," Bernadine alisema.

Safari hii ilizimika. Bernadine alichomoa bomba, akapitisha kidole ndani. Kidole kilitoka kimelowa oili mbichi. Dakika ishirini zilikuwa zimepotea.

"Nilikwambia," Armand alisema, lakini bila furaha yoyote. "Sili zimekwisha."

Bernadine hakumsikiliza. Alikuwa anamtazama Bi Philomène. Bibi alikuwa amekaa palepale juu ya tairi, mikono mapajani, amefumba macho. Midomo yake ilikuwa na rangi ya kijivu.

Bernadine alimfikia kwa hatua tatu. Aliitazama saa ya mtungi, ile inayoonyesha hewa iliyobaki, kisha ile koki ndogo inayoruhusu hewa. Ilikuwa imepunguzwa karibu na mwisho.

"Nani amepunguza hii?"

"Mimi," Bi Philomène alisema bila kufumbua macho. "Nyinyi mkianza kubishana hamjui kumaliza. Nimeona niweke akiba."

"Mama, unajiua."

"Najinyima tu. Nimejinyima vingi."

Bernadine alifungua koki kama ilivyokuwa. Mshale wa saa ulisimama chini ya nusu. "Armand, lete mtungi wa pili."

Armand aliuleta mtungi kutoka kwenye gari. Bernadine alijua kabla hajafungua, kwa jinsi mtungi ulivyokuwa mwepesi mkononi. Alifungua hata hivyo. Hakuna kilichotoka.

"Uliuchukua wapi huu?"

"Sebuleni kwake. Ilikuwapo miwili mlangoni, nikachukua mmoja."

"Ya mlangoni ni mitupu, mwanangu," Bi Philomène alisema kwa upole. "Inangoja kurudishwa. Iliyojaa iko chini ya kitanda."

Wote watatu waliangalia upande wa ghuba. Nyumba ya Bi Philomène ilikuwa kule ng'ambo. Kule ng'ambo sasa palionekana rangi ya machungwa tu.

"Miaka thelathini unabeba magogo," Bernadine alisema kwa ile sauti yake ya chini, "mtungi mmoja umekushinda kujua kama una kitu ndani au hauna."

Armand aliuweka mtungi chini taratibu, akaenda kusimama nje, mgongo wake kwao. Alisimama hivyo kama mtu aliyepigwa.

"Mwache," Bi Philomène alisema. "Rudi kwenye gari. Au mniache hapa mwende ziwani. Mimi sina kinyongo."

"Mama, nyamaza. Hewa hiyo si ya kuongelea."

Bernadine alirudi kwenye injini, akajilazimisha kuanza upya. Alifungua kifuniko cha kumiminia oili, akavalisha glavu ya mpira juu ya tundu, akamwita Armand awashe kwa sekunde chache tu. Kama ndani ya injini kuna mgandamizo mbaya, glavu ingevimba kama puto. Glavu iliinuka kidogo, ikalala.

"Zima. Si hapo."

Akachukua tochi, akainamia turbo upande ambao hakuutazama mwanzo, upande wa moto, linakotokea bomba la ekzosi. Alifuta masizi kwa kitambaa. Chini ya masizi palikuwa pamelowa.

Alibaki ameinama pale muda mrefu kiasi kwamba Armand alikuja mwenyewe.

"Vipi?"

"Kungekuwa na filta peke yake, oili ingetoka upande wa hewa tu. Hii inatoka pande zote mbili." Alikuwa anajisemea zaidi kuliko kumjibu. "Pande zote mbili, na shafti ni nzima. Oili inaingia juu kwa nguvu ya pampu, lakini inashuka kwa uzito wake tu, kwa lile bomba la chini. Likiziba, turbo inajaa. Ikijaa, oili inatafuta pa kutokea, na hakuna sili duniani itakayoizuia."

"Kwa hiyo sili si mbovu."

"Sili hazina kosa lolote. Nipe spana ya kumi, na ile glavu nene."

Bomba la kurudishia oili liko mahali pabaya, chini ya turbo, penye joto la kuunguza ngozi. Bernadine aliingiza mkono bila kuona, akazihesabu bolti kwa vidole. Ya kwanza ilitoka. Ya pili ilikataa. Armand alishika tochi kwa mkono mmoja, na kwa mwingine alimwagia maji mkono wa Bernadine kutoka kwenye chupa, kila alipomsikia akivuta pumzi kwa meno. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Bolti ya pili ilitoka pamoja na kipande cha ngozi ya kidole.

Bernadine aliteremsha bomba, akalimulika. Tundu lilipaswa kuwa na upana wa dole gumba. Lilikuwa limebaki upenyo wa njiti ya kiberiti. Palikuwa na gundi ya silikoni, ile nyekundu ya kuzibia, imepakwa kwa pupa badala ya gasketi, ile karatasi ngumu ya kuzibia viungo. Ziada yake ilifinyika kuelekea ndani, ikakauka na kuning'inia kama ulimi, na masizi ya oili yakajijenga juu yake mwezi baada ya mwezi.

"Mtazame huyu," alisema, hasira ikimpanda. "Gundi, mahali pa gasketi. Tena anapaka kama siagi kwenye mkate. Aliyefanya kazi hii hastahili kushika spana mpaka anaingia kaburini. Nani alilishika gari hili?"

Armand alimtazama mama yake.

"Nani, Armand? Yule rafiki yako wa kambini?"

"Ni wewe, mwanangu," Bi Philomène alisema.

Bernadine aligeuka.

"Mwezi wa tatu. Siku ile uliyotoka mahakamani na talaka yako." Bibi alipumzika akapumua, kisha akaendelea. "Ulikuja kwangu moja kwa moja. Nilikwambia gari linadondosha oili kidogo. Ukalala chini yake mpaka jioni. Nilikuletea chai, ikapoa pale pale. Nilijua kwamba huko chini hutengenezi gari tu."

Bernadine aliutazama ule ulimi mwekundu wa gundi, na akaukumbuka. Aliikumbuka hata tyubu yenyewe. Siku ile hakuwa na gasketi, na hakutaka kwenda dukani watu wamwone macho yalivyovimba. Alijiambia itashika kwa muda, atarudi wiki ijayo aifanye vizuri. Hakurudi. Nyumba ile ilikuwa na picha za Armand ukutani.

"Miaka thelathini ya spana," Armand alianza.

Bernadine alingoja. Alistahili, na alijua anastahili. Lakini Armand hakumaliza. Alichukua bisibisi nyembamba kutoka ukutani, akampa upande wa mpini.

"Ikwangue," alisema. "Muda unakwisha."

Bernadine aliikwangua. Alikwangua mpaka chuma cheupe kikaonekana, akapitisha waya, akamwaga dizeli bombani ikatiririka moja kwa moja bila kukwama. Kisha akatandika karatasi ya gasketi juu ya mdomo wa bomba, akaigonga pembeni kwa nyundo ndogo mpaka ikajikata yenyewe umbo lake. Aliipaka oili, akairudisha mahali pake, akakaza bolti zote mbili kwa mkono ulioungua. Hakulia. Pua yake ilichuruzika tu, akaipangusa kwa bega.

Alimwaga tena kipoza hewa, akafunga mabomba. Saa ya mtungi wa Bi Philomène ilikuwa imeshuka hadi robo.

Redio ikakwaruza. "Lac-Castor, kama mnatoka, tokeni sasa."

"Safari hii wewe shika kikaango," Bernadine alimwambia Armand. "Mimi nawasha."

"Nikizibe lini?"

"Nikikwambia. Ng'oa bomba, kisha ziba. Usinitangulie."

Aliwasha.

Moshi wa bluu ulifumka nyuma ukajaza uwanja wote. Armand aliinua kikaango.

"Ngoja."

"Ni uleule, Bernadine."

"Ni oili ya zamani. Iliyolala kwenye ekzosi lazima iungue kwanza. Hesabu mpaka sitini."

"Italipuka."

"Hesabu, Armand."

Akahesabu. Alihesabu kwa sauti, kikaango kimeinuliwa juu ya injini. Ishirini, moshi uko vilevile. Thelathini, vilevile. Arobaini, mlio wa injini ukapanda ghafla, Armand akakiteremsha kikaango mpaka kikakaribia bomba, na Bernadine akatikisa kichwa nyuma ya kioo. Mlio ukashuka. Hamsini, moshi ukawa mweupe. Hamsini na tano, ukawa mwembamba.

Alipofika sitini hakukuwa na moshi ila ule wa msitu.

Bernadine alikanyaga mafuta. Injini ilipanda kwa utulivu. Akaachia. Ikatii.

Armand alikaa chini pale pale kwenye changarawe, kikaango mapajani. Akabaki hivyo sekunde chache, kisha akainuka akaenda kumbeba mama yake.

Walitoka saa tisa kasoro dakika kumi. Armand aliendesha kwa sababu mkono wa Bernadine haukuweza tena kushika usukani. Bernadine alikaa nyuma na Bi Philomène, jicho moja kwenye saa ya mtungi, jicho jingine kwenye kioo cha nyuma kutafuta rangi ya bluu. Hakuiona. Kilomita kumi. Kilomita ishirini. Miti ya kushoto ilikuwa inawaka kwa juu tu. Kioo cha dirisha kilikuwa na joto ukikigusa.

"Bernadine," Armand alisema akitazama mbele. "Siku ile ya mahakamani..."

"Endesha."

"Nataka tu kusema kwamba mimi pia sikwenda nyumbani. Nilikaa kwenye lori mpaka asubuhi."

Bi Philomène alimshika Bernadine mkono ule mzima, akaubinya.

Kilomita ya thelathini na moja, taa zilitokea mbele. Taa mbili, zikija kwa kasi, kutoka kule wanakokwenda.

Armand alipunguza mwendo. Lilikuwa gari la zimamoto. Lilisimama ubavuni mwao, na dereva akateremsha kioo. Alikuwa msichana mwenye uso mweusi kwa masizi, nyusi zake zimeungua.

"Geuzeni," alisema. "Daraja linawaka. Nimetoka kuliona."

"Nyuma hakuna pa kurudi," Armand alimjibu.

Msichana alichungulia ndani, akamwona bibi na mtungi. "Ana muda gani?"

Bernadine alisoma saa. "Nusu saa. Tukibahatika."

"Imebaki barabara ya zamani ya magogo. Inaingia kulia, mita mia tano kutoka hapa, inazunguka mto na kutokea njia panda. Moto ulipita huko asubuhi. Sijui kimebaki nini. Tangu asubuhi sijamwona mtu aliyetokea huko." Akatazama nyuma yake. "Mimi narudi ziwani. Nawashauri mnifuate."

Gari la zimamoto likaondoka. Armand alishika usukani kwa mikono miwili, asiende mbele wala nyuma.

"Ile njia nimepita mara moja tu, nikiwa kijana," alisema. "Baba alinikataza kurudi huko. Hakuniambia kwa nini."

Bi Philomène aliuchomoa mrija puani.

"Tupite huko," alisema. "Lakini Bernadine ndiye aendeshe."

"Mama, mkono wake umeungua."

"Aendeshe hivyohivyo. Kilichoko kwenye njia ile wewe hukijui, Armand. Yeye anakijua. Nilimwonyesha, na nikamwapisha."

Armand aligeuka polepole kwenye kiti chake, akamtazama mama yake. Kisha akamtazama mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja miaka ishirini na miwili.

"Kuna nini huko?" aliuliza.

Bernadine alikuwa ameshafungua mlango. Alizunguka mbele ya gari kwenye ule moshi, akafungua mlango wa dereva, akaushika usukani kwa mkono wake uliofungwa kitambaa.

"Sogea," alisema. "Utakiona mwenyewe, na ukishakiona, usinisamehe haraka."